Nimeiga Guinness nyumbani Bugarika: jaribio la tatu, glasi kwa glasi

Mwangaluka ndugu zangu, karibuni tena. Leo tuko nyuma ya nyumba, Bugarika hapa Mwanza, na hilo jiwe kubwa mnaloliona nyuma yangu lina kazi yake, tutafika huko. Hapa mezani kuna chupa mbili. Hii ya kushoto ni Guinness Foreign Extra Stout, nimeinunua jana grosari hapo chini. Hii ya kulia haina lebo, ina kipande cha karatasi kimeandikwa "namba 3". Hii nimeipika mwenyewe. Ni mara ya tatu najaribu kuipata ladha ya hiyo ya kushoto, na leo naichambua kama ningechambua bidhaa ya mtu baki. Kasoro zote mtaziona.

Kabla sijafungua: video hii ni ya watu wazima, miaka 18 na kuendelea. Bia hii nakunywa na wenzangu nyumbani, siuzi, maana kuuza kilevi kunataka leseni. Na hapa tunachachusha tu, hatukeneki. Mambo ya gongo yana sheria yake na humu hayamo.

Haya, nafungua. Sikilizeni... psss. Nzuri. Namimina taratibu, glasi nimeilaza. Tazameni povu. La dukani limepanda vidole viwili, rangi kama ya chai ya maziwa iliyokolea. La kwangu limepanda kimoja na nusu, limekoza zaidi kidogo, na limeanza kushuka mapema. Sasa nainua glasi zote mbili kwenye jua. Mkitazama pembeni pale chini mtaona si nyeusi kabisa, ni nyekundu ya damu ya mzee. Zote mbili! Hapo kwenye rangi sina la kuongeza, nimeipata.

Wengi mnaniuliza mbona nisiige Safari au Kilimanjaro, bia ambazo kila mtu anazijua. Nilianzia kwenye laga, yaani bia za namna hiyo zinazochachushwa kwenye baridi, na ilinishinda. Hamira ya laga inataka baridi ya nyuzi 10 mpaka 13 hivi, tena kwa wiki nzima na zaidi, halafu bia ilazwe kwenye baridi kali zaidi ya hapo. Mwanza mchana tunagonga nyuzi 28, na mimi sina friji ya kuingia ndoo ya lita 20. Nikaweka hamira nyingine inayovumilia joto, nikapata kinywaji kinachonukia ndizi mbivu. Harufu ile hutengenezwa na hamira yenyewe inapofanya kazi kwenye joto kupita kiasi. Na kwenye laga hakuna pa kuificha, kama doa la mchuzi kwenye kanzu.

Stauti, yaani bia nyeusi kama hii Guinness, ni tofauti. Hamira yake hupenda nyuzi 18 mpaka 22, na kwangu hapo naweza kupasogelea. Ndiyo kazi ya jiwe. Stoo yangu imeegemea mwamba upande wa kivuli, na kipimajoto humo ndani husoma 23 wakati nje kunawaka. Ndoo naiweka ndani ya beseni la maji, naivisha gunia lililolowa, na asubuhi na jioni natia chupa mbili za barafu ninayoipata kwa wauza samaki wa Mwaloni. Msisahau kwamba chachu nayo inatoa joto lake: ndoo ikichemka kwa nguvu huizidi stoo kwa nyuzi kadhaa. Siku tatu za kwanza ndizo za kukaa nayo macho. Baada ya hapo hata ikipanda kidogo haina madhara makubwa.

Na bia yenyewe tangu asili ilitengenezwa kwa ajili ya safari ya nchi za joto. Mwaka 1801 kiwanda cha Guinness cha Dublin kiliandika mapishi ya bia waliyoiita West India Porter, ya kupelekwa Karibi kwa meli. Wakaongeza hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na wakaongeza kilevi ili isiharibike njiani. Huko ndiko Foreign Extra ilikotoka, na ile ya Dublin leo ina kilevi cha asilimia 7.5. Ila Guinness si moja duniani. Viwanda vya nje hupelekewa kutoka Ireland kiini cheusi cha shayiri iliyokaangwa, kinachanganywa na bia nyeupe iliyopikwa pale pale. Nigeria bia hiyo nyeupe waliipika kwa mtama, baada ya serikali yao kuzuia shayiri ya kutoka nje miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu akikuletea mapishi ya Guinness, muulize ya wapi. Mimi naiga hii ya grosari yetu, na kipimo changu ni mdomo.

Tuje kwenye mapishi. Hesabu ni ya lita 18. Kimea cheupe cha shayiri kilo 5, kimesagwa kwa kuparazwa tu, kisiwe unga. Shayiri ambayo haikuoteshwa, gramu 600, nimeikaanga mwenyewe. Hopsi chungu yenye alfa asidi asilimia 11, ndicho kipimo cha uchungu wake, gramu 35. Hamira ni S-04, pakiti moja ya gramu 11.5. Kimea, hopsi na hamira vinaagizwa kutoka nje, na hapo ndipo pesa inapokwenda. Nawaambia ukweli, kwa chupa moja hii ya kwangu inagharimu zaidi ya ya grosari. Anayetaka kuokoa hela aendelee kununua.

Shayiri naikaanga kwenye sufuria zito, moto wa mkaa wa wastani, mwiko hautulii. Kiwandani wanaifikisha nyuzi 232. Mimi sina kifaa cha kupimia hivyo, naenda na pua. Kwanza inanukia mkate. Halafu karanga. Halafu inaanza kutoa moshi mwembamba na punje zinadata, inanukia kahawa, na hapo unakuwa umebakiwa na dakika chache sana. Vunja punje moja: ikiwa katikati bado ni kahawia, endelea, ikiwa nyeusi tii na inang'aa, umeshaiunguza. Nataka rangi ya kahawa ya Bukoba iliyokaangwa vizuri. Ikifika, namwaga kwenye ungo na kupepeta mpaka ipoe, maana kwenye sufuria inaendelea kuiva yenyewe. Kisha naiacha siku tatu moshi utoke.

Kimea na ile shayiri iliyokaangwa naviloweka kwenye maji ya nyuzi 66 kwa saa nzima. Wanga unageuka sukari, na unachokichuja ni togwa tamu ya shayiri, mtu aliyekulia kwetu ataitambua akiionja. Machicha wanakula kuku wa jirani. Togwa hiyo naichemsha na hopsi dakika 90 badala ya 60 zinazoandikwa kwenye mapishi mengi. Sababu ni kwamba tuko juu, mita zaidi ya 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi kwenye joto hilo.

Sasa maji. Hapa ndipo nilipopoteza majaribio mawili, kwa hiyo nivumilieni.

Namba 1 ilikuwa na ukali unaokwaruza koo, kama majivu yaliyotiwa ndimu. Nikadhani nimeunguza shayiri. Nikakaanga nyingine, nyepesi, nikaonja togwa yake, ukali ule ule. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba maji ya ziwa letu ni laini, yana madini machache, hata sabuni inatoa povu haraka. Na nafaka iliyokaangwa sana ina asidi. Maji yenye madini huimeza ile asidi, maji laini hayawezi. Karatasi zangu za kupimia asidi, ambazo namba ikishuka asidi imezidi, zilisoma 5.0 wakati wa kuloweka, na panapotakiwa ni 5.3 mpaka 5.6. Dawa yake iko kwenye kila duka la mtaa: magadi soda. Gramu 2 kwenye maji yote. Nasema magadi soda ya pakiti ya kuokea, si magadi ya mawe ya maharage. Karatasi ikapanda mpaka 5.4, na ule ukwaruzaji ukaondoka. Wapishi wengine hutia nafaka nyeusi dakika za mwisho tu za kuloweka, nayo inasaidia.

Namba 2 kosa lilikuwa langu mchana kweupe. Nilisafisha ndoo kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikaisuuza mara moja, nikaona inatosha. Klorini iliyobaki ikakutana na bia, matokeo yake lita 18 zikanukia plasta ya kidonda. Harufu hiyo haiishi hata ungengoja mwaka. Nilimwaga yote, na roho iliniuma. Sasa vyombo nasafisha na kusuuza mara tatu kwa maji yaliyochemka, na maji ya kupikia nayachota jana yake yalale ndoo ikiwa wazi, klorini ipungue.

Jambo la mwisho kwenye mapishi, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Guinness ina uchachu mdogo sana nyuma ya ulimi. Wengi hawautambui, lakini ukiutoa wanasema bia imepooza. Zamani kiwanda kilikuwa kikichanganya bia changa na bia iliyozeeka mpaka ikachachuka. Mimi nikamkumbuka bibi yangu wa Magu na togwa yake ya mtama: siku ya kwanza tamu, siku ya tatu inakung'ata. Kwa hiyo nilichota nusu lita ya togwa ya shayiri kabla ya kuchemsha, nikatia kiganja cha kimea kibichi, maana wale wadudu wa uchachu wanaishi kwenye ganda la punje, nikafunika kwa kitambaa siku tatu. Ilipochachuka nikaichuja, nikaichemsha kuwaua, ikapoa, nikaitia ndooni. Nusu lita kwa lita 18 tu. Niliyemhitaji alikuwa bibi, na nilihangaika miezi.

Haidromita, kile kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo, ilianza na 1.064, ikaishia 1.015, ambayo ni kilevi cha kama asilimia 6.4. Pima siku mbili mfululizo, namba isipobadilika ndipo ufunge chupa. Ukiharakisha, chupa zinapasuka, na vipande vya kioo havichagui jicho la nani. Sukari ya kutengenezea gesi ni gramu 6 kwa lita. Chupa ziwe za kahawia na zikae kivulini, kwa sababu mwanga unaiharibu hopsi na bia inanuka vibaya.

Sasa naonja. Ya dukani kwanza... Kahawa, uchungu unaokaa, ule uchachu mdogo, halafu inakatika safi, mdomo unabaki mkavu. Ya kwangu... Kahawa ipo, hata imezidi kidogo. Uchungu sawa. Uchachu, sawa kabisa! Tatizo liko mwishoni: ya kwangu inaacha utamu kidogo, haikatiki vile. Nadhani niliiloweka kwenye joto lililopanda juu ya 66, sufuria langu halitulii. Namba 4 nitashusha mpaka 64 ili hamira ipate sukari nyingi zaidi ya kula.

Msiniamini mimi peke yangu. Jumapili niliwaita wenzangu sita, kila mmoja nikampa glasi tatu, mbili za bia moja na moja ya nyingine, wamefunga macho. Swali ni moja: ipi ni tofauti? Wanne wamepatia, wawili wamekosa. Anayebahatisha tu hupatia mara moja kwa tatu, kwa hiyo kwa sita nilitarajia wawili. Wanne au zaidi kupatia kwa bahati tupu hutokea kama mara moja kwenye kumi. Maana yake sina uhakika bado. Hesabu hizi za watu wachache zina uhusiano na bia hii hii: William Gosset alikuwa mfanyakazi wa Guinness alipotoa, mwaka 1908 kwa jina la Student, njia ya kupima sampuli ndogo ambayo wanafunzi wa takwimu wanaisoma hadi leo.

Alama zangu: rangi 10 kwa 10. Povu 6. Harufu 8. Ladha 7, na zile tatu zilizopungua zote ni za ule utamu wa mwisho. Kati ya wale wanne waliopatia, watatu walisema utamu huo ndio uliowaonyesha glasi iliyo tofauti.

Kimea cha namba 4 kimeshafika, kiko kwenye gunia pale mlangoni. Shayiri naikaanga kesho asubuhi kabla jua halijawa kali. Hii iliyobaki kwenye glasi naimalizia hapa kivulini.