Mche upi wa asumini ununue? Chaguo tano, kuanzia bora hadi ya kukwepa

Anayetafuta mche wa asumini hakosi wa kumuuzia. Vitalu vya kandokando ya barabara vinayo, masokoni ipo, na kwenye simu picha zake hazina idadi. Shida ni kwamba jina hili moja limebebeshwa mimea mingi isiyo na udugu, na baadhi yake haitakupa kamwe ile harufu uliyotolea pesa. Nimeipanga hapa kwa vigezo vitatu: harufu kwanza, wingi wa maua pili, na tatu namna inavyostahimili joto na udongo wetu. Uzuri wa picha sikuupa alama hata moja.

Kabla ya kuuliza bei, tazama jani

Miche mingi huuzwa ikiwa haina ua, kwa hiyo jani ndilo shahidi wako. Asumini ya pwani, ambayo wataalamu huiita Jasminum sambac, ina jani moja zima, la kijani kilichokolea, linalong'aa, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye tawi. Ukikuta jani limegawanyika vijani vitatu, huenda umeshika asumini mwitu, ambayo huota yenyewe vichakani Afrika Mashariki na haina haja ya kununuliwa. Vijani vitano hadi saba kwenye kikonyo kimoja ni dalili ya asumini ya baridi, nitakayoieleza. Na ukikwanyua jani likatoka utomvu mweupe wa maziwa, hiyo si asumini hata kidogo, hata kama kibao kimeandikwa hivyo.

Mche ukiwa na ua, ngoja jioni uunuse. Asumini hufunguka jua likizama na kunukia zaidi usiku, hivyo mche usionukia saa sita mchana haujakosa kitu. Muuzaji mzuri atakubali urudi magharibi.

1. Asumini ya kawaida, ya petali za safu moja

Hii ndiyo ya kwanza, na kwa mtu wa Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, Lamu au Dar es Salaam sioni hata ya kuishindanisha nayo. Ni kichaka kinachofika mita moja hadi tatu, kinachokubali kukatwa, na kikipata jua huzaa maua kwa mikupuo karibu mwaka mzima. Katika vitalu vingi ndiyo ya bei nafuu kuliko asumini nyingine.

Harufu yake ni nzito bila kuchosha. Ndiyo inayofungwa kwenye kikuba pamoja na mrehani, mkadi na waridi, ndiyo inayotungwa uzi ikavaliwa kichwani na bibi harusi, na ndiyo inayomwagwa kitandani. Ufilipino waliifanya ua la taifa mwaka 1934, na Indonesia nayo inaihesabu miongoni mwa maua yake ya taifa. Huko Madurai, kusini mwa India, matumba yake huuzwa sokoni kwa kupimwa kwenye mizani.

Sababu ya kuisifu safu moja ya petali ni tumba lenyewe. Ukienda kwenye mti saa kumi na moja jioni utaona matumba ya aina mbili. Yapo madogo, ya kijani kibichi kwenye ncha, magumu ukiyaminya. Hayo yaache, ukiyachuma yatanyauka bila kufunguka. Na yapo yaliyojaa, meupe kabisa mpaka kwenye kikonyo, laini kidogo kwenye ncha. Hayo yatafunguka usiku huohuo, hata yakiwa kwenye sahani chumbani. Petali za safu moja hufunguka pamoja, bila kukwama. Asubuhi ua huanza kuingia rangi ya zambarau iliyofifia, kisha hudondoka lenyewe. Anayejua kuchagua tumba hapotezi hata moja, na mti mmoja ulioshiba jua humtosheleza.

2. Asumini ya petali zilizorundikana

Hii ni Jasminum sambac ileile, ila ua lake lina petali nyingi. Vitaluni utakutana na aina mbili hasa. Belle of India ina petali ndefu, nyembamba, zilizopangana tabaka mbili tatu. Hukua vizuri na hunukia sana. Kama bei haijapanda mno, nunua bila wasiwasi. Nyingine ni Grand Duke of Tuscany, yenye ua la mviringo lililofumbana, dogo lakini zito. Ilipewa jina la mtawala wa Toscana nchini Italia, ambako ililimwa Pisa tangu karne ya 17.

Grand Duke ndiyo inayouzwa ghali na ndiyo inayowavunja watu moyo. Hukua taratibu sana, matawi yake husimama wima na magumu, na maua huja machache. Wakati wa mvua ndefu ua lake zito hushika maji ndani, likaoza kabla ya kufunguka vizuri. Mwenye subira na kibaraza kisichopigwa na mvua atafurahia, kwa sababu ua moja tu hujaza chumba harufu. Ila usiifanye asumini yako ya kwanza. Kuitambua ni rahisi: majani yake mara nyingi hutoka matatu kwenye pingili moja badala ya mawili. Ukiuziwa Grand Duke yenye majani mawili mawili kila pingili, uliza maswali zaidi kabla ya kulipa bei ya Grand Duke.

3. Asumini ya baridi, ya matumba ya pinki

Wakazi wa Nairobi, Limuru, Arusha, Lushoto, Iringa na Mbeya wana bahati yao. Jasminum polyanthum, yenye asili ya China, ni mmea wa kutambaa. Matumba yake ni ya pinki na ua likifunguka ni jeupe. Hutoa maua mengi kwa pamoja kiasi cha kuficha majani, na hupanda ukuta au uzio mita kadhaa ukiiwekea waya.

Huhitaji usiku wa baridi ili ishike matumba. Ukiipeleka Tanga au Mombasa itakupa majani mengi na maua machache au yasiwepo kabisa, na hakuna mbolea itakayobadilisha hilo. Kwa hiyo nafasi ya tatu ni ya orodha nzima. Kwa mtu wa nyanda za juu ningeipandisha hadi ya kwanza. Jihadhari tu na harufu: ndani ya chumba kilichofungwa baadhi ya watu huumwa kichwa. Ipande nje, mbali kidogo na dirisha la chumba cha kulala.

Ndugu walioko Uingereza au Marekani wataiona madukani wakati wa majira ya baridi, imezungushwa kwenye waya wa duara ndani ya chungu. Ikimaliza kutoa maua msiitupe. Ikate, itoeni nje joto likirudi, na kabla ya baridi kali muirudishe ndani ikiwa imeshapata usiku wa ubaridi wa kutosha.

4. Asumini ya nyota

Hii ndiyo yenye utomvu mweupe. Jina lake ni Trachelospermum jasminoides, na si ukoo wa asumini; ndugu zake ni kina msanapichi. Ina ua jeupe lenye petali tano zilizopindana, harufu nzuri ya wastani, na majani mazuri mwaka mzima. Huanza polepole, kisha hufunika ukuta sawasawa. Kwa aliyeko London anayetaka kitu cha kunukia nje ya mlango, itavumilia theluji nyepesi ambayo ingeiua asumini ya pwani. Kwetu huku sioni sababu ya kuilipia zaidi ya asumini yenyewe.

5. Malkia wa usiku

Wauzaji wengine humwita asumini ya usiku. Jina la kitaalamu ni Cestrum nocturnum, ukoo mmoja na mnavu na nyanya, asili yake Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Ua lake ni jembamba, la kijani-kijani, na usiku hunukia hadi kwa jirani. Harufu ya mbali nakiri ni tamu. Ya karibu wengi hawaiwezi, hasa wenye pumu.

Nimemweka mwisho kwa sababu moja kubwa: ana sumu. Tunda lake jeupe dogo ni kishawishi kwa mtoto, na majani yake hudhuru mifugo. Nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi uani, usimnunue. Nawasihi wenye vitalu pia waseme hili waziwazi wanapomuuza.

Nje ya orodha kuna Muraya, kichaka cha uzio chenye maua meupe yanayonukia kama ya mchungwa. Ni mzuri, lakini unahifadhi mdudu anayesambaza ugonjwa wa kijani wa michungwa. Wenye michungwa au milimau karibu, waupite.

Namna ya kukagua mche

Asumini ya pwani hutoa mbegu kwa nadra sana, hivyo pakiti za "mbegu za asumini" zinazouzwa mitandaoni usizipe hata shilingi. Miche yake hutokana na vipande vya matawi. Shika shina karibu na udongo, uvute kidogo sana. Likitikisika ovyo, huenda tawi limechomekwa juzi kwenye ndoo kubwa ili lipandishwe bei. Geuza kiriba: mizizi michache myeupe inayochungulia chini ni dalili njema, lakini mizizi iliyojisokota duara nyingi imekaa humo muda mrefu mno. Kati ya mche mfupi wenye matawi manne na mrefu wa tawi moja, chukua mfupi.

Chini ya majani tafuta utando mwembamba wa utitiri mwekundu, na kwenye makwapa ya matawi wale wadudu weupe wenye ungaunga. Ukitikisa mche vikaruka vijidudu vyeupe, uache hapohapo. Utavipeleka kwenye mimea yako yote.

Kama jirani ana asumini nzuri, muombe tawi kabla hujafungua pochi. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, kisiwe laini wala kikavu, chini kidogo ya pingili. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini, na usiache kukauka. Baada ya wiki nne hadi sita kwa kawaida huwa kimeshika mizizi.

Ukishaifikisha nyumbani

Iache siku chache mahali penye nusu kivuli, kisha uipeleke juani. Saa sita za jua kwa siku ndizo zinazoleta maua. Penye kivuli utapata matawi marefu matupu. Kwenye chungu, anza na cha upana wa sentimita 30 chenye matundu chini, udongo tifutifu, samadi iliyooza na mchanga kidogo. Usiipende kwa urea. Nitrojeni nyingi huleta majani na kunyima matumba.

Wenye ardhi ya mawe ya matumbawe, yaani sehemu kubwa ya Unguja na ukanda wa Mombasa, mtaona majani yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Mmea haupati madini ya chuma kwa sababu ya chokaa. Chimba shimo pana, jaza mboji na samadi kwa wingi, au ipande tu kwenye ndoo kubwa. Na kama kisima chako kina maji ya chumvi, kingo za majani zitaungua. Kinga maji ya mvua uyatumie kwa asumini.

Kila mkupuo wa maua ukiisha, pogoa theluthi moja ya matawi. Maua huja kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo mti usiokatwa huzeeka ukiwa na maua ya juujuu tu. Ukikata, mwagilia vizuri na uongeze samadi viganja viwili kuzunguka shina, bila kuligusa. Mche ulionunuliwa wakati wa kiangazi uuache kwenye kiriba, umwagilie asubuhi, na uuhamishie ardhini mvua zikianza.