Kliniki ya Jumatano: nyota nne, ya tano naishikilia

Nimempeleka mdogo wangu mara sita sasa. Ana miaka 17, ana usonji, maneno yake ya siku nzima unayahesabu kwa vidole. Tunakaa Mwanga, Kigoma, na mimi nauza dagaa Kibirizi.

Bibi yetu wa Ujiji alifariki mwaka jana. Miezi miwili baadaye kijana akaanza kupiga. Alivunja kioo cha kabati, akamng'ata mama mkono, akawa anajigonga kichwa ukutani. Majirani wakasema pepo, wengine wakasema usonji umempanda. Kituo tulichoanzia, sikitaji, walimwandikia risperidoni, dawa ya kutuliza, hata kumtazama vizuri hawakumtazama. Akatulia kweli, utulivu wa gunia. Akala kupita kiasi, akanenepa, na ngumi zikapungua tu, hazikuisha.

Hapa daktari hakuanza na ngumi. Alimfungua mdomo akatazama meno, akaangalia masikio, akauliza habari ya choo. Asiyeongea akiumwa jino anaweza kupiga watu, alisema, kwa hiyo hilo liondolewe kwanza. Halafu akaniuliza: "Dada, ameacha kupenda nini?"

Nikanyamaza. Huyu alikuwa anachora Liemba kila siku ya Mungu, ile meli ya Wajerumani ya 1913, bomba la moshi na madirisha yote, hakosei hata moja. Daftari halikuwa limefunguliwa tangu msiba. Usiku halali. Migebuka ya mawese, aliyokuwa akiigombania, anaisukuma pembeni. Sisi tuliona ukorofi, kumbe sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Daktari akasema wenye usonji huipata zaidi kuliko watu wengine, ila kwao si lazima uone machozi. Inaweza kutoka kama hasira.

Kuhusu risperidoni hakumlaumu mtu. Marekani wameiruhusu tangu 2006 kwa hasira za watoto wenye usonji, lakini huzuni haiitibu. Akaipunguza taratibu, akaanza fluoksetini, dawa ya sonona, kidogo, na akatuonya wiki za mwanzo tumwangalie sana maana anaweza kuhangaika zaidi. Alihangaika kweli, siku nne hivi. Muuguzi akatutengenezea ratiba ya picha, na kwenye siku ya Ijumaa akaweka picha ya kaburi la bibi. Mimi niliona ni uchuro. Sasa kila Ijumaa ananivuta kanga twende.

Kasoro: foleni. Benchi ni moja, na juu yake redio inapiga kelele kwa watu ambao masikio yao hayavumilii! Fikeni saa moja asubuhi mseme mapokezi, watawaruhusu kusubiri nyuma kwenye mwembe. Dawa nazo mara mbili hazikuwepo, nikanunua nje. Hilo nimelisamehe, redio sijaisamehe.

Wiki iliyopita alipiga mara moja, mama tena. Jumapili alichukua daftari akachora Liemba. Bomba lipo, madirisha bado.