Kabati la maabara lenye magurudumu: limetufaaje shule yenye watoto 14 wa Gredi 10

Nianze na magurudumu, maana ndiyo yaliyotutia aibu mbele ya wazazi. Dukani Mombasa muuzaji alilisukuma kwa kidole kimoja juu ya vigae, likateleza lenyewe. Huku kwetu, Kinango ndani ndani, kutoka stoo hadi darasa la Gredi 10 ni changarawe na mizizi ya mkwaju. Siku ya kwanza lilikwama hatua nne tu kutoka mlangoni. Wavulana wanne wakalinyanyua juu kama jeneza, na mama mmoja aliyeleta kuni za jikoni akauliza ni nani aliyetutoka.

Tulilinunua kwa kuwa mtaala mpya unataka kila sekondari pevu ifundishe mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), iwe na watoto elfu mbili au iwe kama yetu, yenye 14 wa Gredi 10. Jengo la maabara hatuna. Kabati hili ndilo maabara yenyewe: sinki, pampu, kichomeo cha gesi, droo za vifaa, vyote ndani ya chuma kimoja.

Bei ni Sh145,000 pamoja na kemikali za kuanzia. Sasa piga hesabu nami. Kapitesheni, yaani pesa za serikali kwa shule, ni Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mara 14 ni Sh311,416, hata tukichukulia zimefika zote na kwa wakati. Kabati limemeza karibu nusu. Shule yenye watoto mia tano wa gredi hiyo hiyo hainunui kabati mara thelathini na tano zaidi yetu, lakini pesa zake ni mara hizo za zetu. Mwalimu mkuu alitia sahihi kama mtu anayeuza ng'ombe wa mwisho.

Huduma ya duka ni ya wastani. Walisema wataleta hadi shuleni, wakatushushia mzigo Mariakani, tukakodi pikapu. Karatasi inasema mirija ya majaribio 24, nilihesabu 19. Bahati nzuri nilipiga picha kabla ya kutoa vitu vyote kwenye boksi. Mitano iliyobaki ilikuja baada ya wiki tatu na simu nyingi.

Kazi yenyewe? Chuma ni kizito, kufuli ni za kweli. Pampu ya mkono inavuta maji kutoka dumu la lita 20 lililo chini. Maji yetu ni ya chumvi, hivyo baada ya mwezi ilianza kulia kama punda. Niliifungua nikaisugua kwa ndimu ikatulia. Kijitabu cha maelekezo hakisemi lolote juu ya hilo, nadhani aliyekiandika anakunywa maji ya bomba. Droo ya fizikia ni ya kujazia tu: sumaku mbili, mizani ya springi, na ammita ya kupimia mkondo wa umeme ambayo mshale wake haujawahi kuondoka kwenye sifuri.

Lakini hadubini! Inatumia kioo badala ya taa, kwa hiyo stima ikipotea tunaisogeza dirishani tunaendelea. Tulianza na ngozi ya kitunguu. Somo ni dakika 40, hadubini moja, watoto 14: kila mmoja alikaa na jicho pale zaidi ya dakika mbili. Msichana mmoja alihangaika, akifumba jicho lisilofaa, kisha akanyamaza kabisa. Akasema, "Mwalimu, kumbe kitunguu kimesukwa! Kama jamvi." Nilikofundisha awali tulikuwa na maabara ya fahari na watoto 56 darasani, wa nyuma walikuwa wakinakili majibu ya wa mbele, na mimi nasahihisha nikijua. Hapa hapana pa kujificha. Uchache unaotunyima pesa ndio uliompa yule msichana dakika zake mbili.

Kwa hiyo nyota nne kwa tano, na ukiwa na shule ndogo nunua, ila nenda na bajeti ya fundi. Wetu wa kuchomelea vyuma alikata vile vigurudumu akafunga magurudumu mawili ya wilbaro. Sasa mtoto mmoja analisukuma.

Kilichobaki ni gesi. Kidato cha Tatu na cha Nne, ambao wako kwenye mtaala wa zamani, nao wanaliazima kwa mazoezi yao, na mtungi ni mmoja. Kila somo likiisha nautikisa kidogo na kusikiliza.