PS4 Slim iliyotumika: uzoefu wangu na gemu ninazozipendekeza

Kila ninapoulizwa na mtu anayetaka kuanza kucheza gemu nyumbani anunue mashine gani, jibu langu ni PS4 Slim iliyotumika. Wengine hunicheka. PS5 ipo sokoni tangu mwishoni mwa 2020, wanasema, na PS4 ni mambo ya 2013. Kweli kabisa. Lakini mimi naishi Dar, umeme wangu ni wa LUKU, intaneti yangu ni ya bando, na mara nyingi nacheza na watu niliokaa nao mkeka mmoja. Kwa mchezaji wa aina hiyo, swali la kwanza si picha zinang'aa kiasi gani. Swali ni hili: nikiweka CD, mimi na mwenzangu tutacheza leo bila kudaiwa kitu kingine?

Yangu niliipata Kariakoo kwa chini ya laki sita, ikiwa na pedi moja na nyaya zake. Pesa ya PS5 mpya ingeninunulia mbili za namna hii na chenji ikabaki.

PS4 ziko za aina tatu, na namba iliyo kwenye kibandiko cha mashine husema ukweli kuliko muuzaji. CUH-1 ni ile ya kwanza, nene. CUH-2 ndiyo Slim, iliyotoka Septemba 2016. CUH-7 ni Pro, ya Novemba mwaka huohuo. Ile nene naiacha kwa sababu Wi-Fi yake inashika masafa ya 2.4GHz tu, na nyingi zimeshachoka. Pro ina nguvu kweli, mwenye TV ya 4K ataona tofauti. TV yangu ni ya inchi 32 ya kawaida, sasa hizo pikseli za ziada ningezitazamia wapi? Halafu kuna umeme. Kiwango cha juu kinachoandikwa kwa Slim ni wati 165, kwa Pro ya mwanzo ni 310, na PS5 ya kwanza inafika 350. Ukiwa katikati ya mchezo Slim hula kama wati 80, maana yake uniti moja ya LUKU inakupeleka zaidi ya saa kumi, ukiacha TV yenyewe. Mwenye kuishi nyumba yenye luku ya kuchangia anajua kwa nini naanza na hesabu hii. Ugomvi wa mwisho wa mwezi huanzia hapo.

Dukani usikubali kuwashiwa na kuonyeshwa menyu tu. Nenda na CD yako mwenyewe, tena ya gemu nzito, na ucheze pale kama dakika ishirini huku ukisikiliza feni. Ikianza kunguruma mapema, huenda ndani kuna vumbi au pasta ya joto, ile inayopakwa juu ya chipu ili ipoe, imekauka. Fundi anaweza kusafisha, lakini hiyo iwe hoja ya kushusha bei. Toa CD, irudishe, itoe tena. Shika waya wa HDMI pale unapoingia uutikise taratibu: picha ikipotea, tundu limelegea, na kulibadilisha kunataka fundi mwenye mkono mwepesi wa kulehemu. Kisha washa hotspot ya simu yako uingie kwenye akaunti yako ya PlayStation. Hatua hii watu wengi huiruka. Kuna mashine zilizofungiwa, yaani Sony wenyewe, watengenezaji wake, wamezizuia kuingia kwenye mtandao wao, na kwa nje hazina alama yoyote.

Halafu kuna zile zilizochipiwa, yaani zilizovunjwa ulinzi ili zicheze gemu za kunakili, unauziwa na gemu thelathini zikiwa ndani tayari. Naelewa kishawishi chake, na sitamhubiria mtu. Ila ujue unanunua nini: mashine ya aina hiyo imeachwa makusudi kwenye programu ya zamani, ukiisasisha tu uchawi unakwisha, na ukiingia mtandaoni nayo unajitafutia kufungiwa. Kwa anayetaka kucheza na marafiki walio mbali, hiyo ni nusu mashine.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni diski ya ndani. Slim huja na diski ya kuzunguka ya GB 500 au TB 1, na hiyo ya GB 500 inajaa haraka ajabu, kwa sababu kila CD unayoweka inanakili gemu nzima ndani. Sony hawakuificha: kona ya nyuma kuna kifuniko cha plastiki, unakisukuma, unafungua skrubu moja, kitako kinatoka na diski yake. Inaingia SSD yoyote, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, ile ile ya laptop. Kabla ya hapo pakua faili kamili la programu kutoka tovuti ya PlayStation, liko kama GB 1, uliweke kwenye flashi ndani ya folda PS4 kisha UPDATE. Nakili pia sevu zako kwenye flashi. Hilo ni bure, halihitaji usajili wa kulipia. SSD haitafanya gemu ziwe nzuri zaidi machoni, lakini ule muda wa kusubiri mchezo ufunguke unapungua, na kwenye gemu kubwa utaushukuru. Asiyetaka kufungua kitu anunue diski ya nje ya USB 3.0, kuanzia GB 250, aichomeke. Mashine inakubali tangu sasisho la 2017.

Umeme ukikatika ghafla, mara nyingi mashine itawaka na kukusomea risala ya kutozima vibaya, kisha inakagua diski na maisha yanaendelea. Ikigoma, bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie mpaka usikie mlio wa pili, uunganishe pedi kwa waya, na uchague kujenga upya hifadhidata. Haifuti gemu. Mimi nimeweka UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri la akiba, inanipa dakika za kusevu na kuzima kistaarabu. Na ile hali ya kulaza mashine badala ya kuizima nimeiacha kabisa. Kwa umeme wa mtaani kwangu ni kucheza na bahati.

Sasa pedi, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Soko limejaa DualShock 4, ndiyo pedi ya PS4, za kuiga, nyingine zimefungwa kwenye boksi zuri kuliko la halali. Mkononi nyepesi, na bei yake inakuambia. Moja niliyowahi kuuziwa kama orijino, dukani ambako sitapataja, kijiti cha kushoto kilianza kujiendea chenyewe kabla hata sijaizoea: unaacha kushika, beki wako anatembea kuelekea kona. Si kwamba orijino hazichakai. Vijiti vyote vya aina hii vinasugua ndani na siku moja vitalegea. Tofauti ni muda, na kwamba orijino inastahili kupelekwa kwa fundi. Ukijaribu dukani, pedi ya toleo linalokuja na Slim ina mstari mwembamba wa taa unaoonekana juu ya ile sehemu ya kugusa. Bonyeza hiyo sehemu ya kugusa, kisha pitisha kidole uone kama inasikia. Chomeka earphone. Ingia kwenye mechi, uachie vijiti vyote viwili, uangalie kama mchezaji anatulia. Ukifika nyumbani na pedi ya pili ikagoma kuungana, kabla hujamlaani muuzaji badilisha waya: nyaya nyingi za kuchajia simu zinapitisha umeme tu, hazipitishi data, na bila data mashine haiitambui pedi.

Na pedi ya pili si anasa. Mwenye pesa ya kutosha gemu tatu na pedi moja, namshauri achukue gemu mbili na pedi mbili.

Kuhusu CD au kupakua, mimi ni mtu wa CD bila aibu. CD nikiimaliza naibadilisha na ya mwenzangu, au narudi nayo dukani naongeza pesa kidogo naondoka na nyingine. Gemu ya kupakua ikishanunuliwa imeganda kwenye akaunti yako. Tena akaunti yenyewe, ukiifungua, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi, ndiyo maana wengi wetu tuna akaunti za Uingereza au Marekani na tunanunua vocha. Vocha lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, na nchi ukishaichagua huibadilishi. Tazama nyuma ya CD kabla ya kuamua: yenye alama ya PEGI ni ya Ulaya, yenye ESRB ni ya Marekani. CD yenyewe itacheza kokote, lakini nyongeza za kununua mtandaoni zinataka nchi zilingane.

Gemu, basi. Kwa mpira, usikimbilie toleo la mwaka huu. FIFA 23 ndiyo ya mwisho kubeba jina hilo kabla haijaitwa EA Sports FC, na inatosha kabisa kwa watu wawili sebuleni. Lakini ninayoipenda kupita zote ni FIFA 19, ambayo watu wanaidharau kwa sababu vikosi vimepitwa na wakati. Humo kuna sheria za nyumbani: ipo mechi isiyo na ofsaidi wala faulo, na ipo ile ambayo ukifunga goli, mchezaji wako mmoja anatolewa uwanjani. Unaongoza mbili bila, uko tisa, na jamaa aliyekuwa ananyanyasika anafufuka. Kwa sebule yenye wachezaji wa viwango tofauti sijaona dawa nzuri kuliko hiyo, na CD yake siku hizi ni ya bei ya kutupa.

Kwa ngumi, Tekken 7. Asiyejua kitu anabonyeza ovyo na anashinda raundi, anayejua ana kazi ya miaka. Mortal Kombat 11 ni nzuri kwa macho lakini ina tabia inayoniudhi: vipande vyake kadhaa, pamoja na ile Krypt ya kufungulia zawadi, havifunguki bila intaneti, hata kama uko peke yako. CD nimeshalipia, bando la nini tena?

Wa kucheza peke yake aanze na God of War ya 2018. Ni CD moja, haikuombi mtandao, na kamera yake haikati tangu mwanzo mpaka mwisho, unamfuata Kratos na mwanawe kama umetembea nao. Red Dead Redemption 2 ni kubwa zaidi na ya polepole zaidi. Ukiinunua iliyotumika, hakikisha boksini zimo CD mbili, ya data na ya kuchezea. Nimekutana na maboksi yenye moja tu. Na uandae karibu GB 100 za nafasi.

Ila kama nyumbani una mtu asiyependa gemu kabisa, kamtafutie It Takes Two, ya 2021. Haichezeki na mtu mmoja hata ukitaka. Ni mume na mke wanaotaka kuachana, wamegeuzwa wanasesere, na kila mmoja anapewa kifaa ambacho mwenzake hana, kwa hiyo lazima mzungumze. Mdogo wangu wa kike, ambaye pedi alikuwa anaishika kwa kulazimishwa, ndiye aliyekuwa ananiamsha tuendelee.

Kwa watu wa bando: kaa mbali na Call of Duty, zile gemu za vita. Ile Modern Warfare ya 2019 ilivimba mpaka ikapita GB 200, na masasisho yake peke yake yanatosha kumaliza kifurushi cha mwezi. Fortnite na eFootball ni za bure na hazihitaji PlayStation Plus, usajili wa kulipia wa Sony wa kucheza mtandaoni, lakini ukisikia bure, kumbuka bando. Gemu nyingine nyingi za kucheza mtandaoni zinadai Plus juu ya bei ya gemu.

Nani asinunue Slim? Anayetaka gemu mpya kila zinapotoka. Tekken 8 haikuja PS4, Mortal Kombat 1 ya 2023 nayo haikuja, na orodha inazidi kurefuka. Kwangu inayouma ni moja tu, Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili 2024. Imetengenezwa na studio ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeifanya baada ya kufiwa na baba yake. Zau anamwendea mungu wa kifo, Kalunga, kumwomba amrudishie baba, na unapigana kwa kubadilisha vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Ina sauti za Kiswahili. Siyo fupi sana wala siyo ngumu sana, ingawa baadhi ya sehemu za kukimbizwa zitakurudisha nyuma mpaka uchoke. Ilitoka PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta, PS4 ikarukwa. Mimi niliichezea kwenye kompyuta ya rafiki, tukipokezana pedi yangu ya Slim, ambayo Windows iliikubali kupitia Steam, duka la gemu za kompyuta, bila maneno mengi. Aliye na kompyuta yenye kadi ya picha ya kueleweka aianze hiyo kabla ya kuuza chochote.