Uzoefu wangu na bima ya afya ya kujilipia: eti nikaoshe mikono

Msichukue. Yaani wiki zimepita na bado nikikumbuka natetemeka.

Mie nauza mahamri na mbaazi Kisauni, Mombasa, sina mwajiri wa kunikatia bima, kila kitu ni mfukoni mwangu. Enzi za NHIF, ile bima ya zamani ya serikali, tulikuwa tunalipa 500 kwa mwezi na nyumba nzima imo, mwezi ukikaza unajivuta unafika. Tangu SHA, bima mpya ya serikali, ije Oktoba 2024 sisi wa kujiajiri tunahesabiwa asilimia 2.75 ya kipato, na inatakiwa ya mwaka mzima, nami nikalipa. Lakini mwanangu ana pumu, nikaogopa, akaja ajenti na maneno yake matamu nikachukua na bima ya kampuni binafsi juu yake. Elfu 46 kwa mwaka, mimi na mtoto mmoja! Zamu yangu ya chama ikaenda yote.

Sasa sikilizeni. Usiku mmoja mtoto akabanwa, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, nikapanda tuktuk mpaka hospitali waliyonipangia. Risepsheni nikatoa kadi, kidole gumba kwenye kile kimashini cha kusoma alama za vidole, kikalia pii, taa nyekundu. Nikajaribu cha shahada, pii. Dada wa dirishani akanitazama mikono akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mama nenda kaoshe mikono kwanza, hii mashini haisomi mafuta."

Wallahi nilikuwa nimeosha. Ile ni harufu ya iliki, haitoki hata kwa sabuni ya kipande. Mimi nakanda unga kila alfajiri miaka kumi na moja, mafuta yamenichoma vidole mpaka mistari imelainika, sasa huo ndio uchafu? Nikaenda nikaosha, ndio, nikaosha mbele ya watu huku mtoto anakorota begani, nikarudi, pii. Ikabidi nipigie kampuni wanitumie namba ya siri, simu inaimba tu mpaka salio likaisha, nikakopa kwa jirani nikalipa keshi ndio mtoto akawekewa mashini ya mvuke. Pesa yangu kuidai mpaka leo naambiwa ningepiga simu kabla. Si nilipiga!

Haki nayo niseme, kabla ya hapo mtoto alilazwa siku tatu kwa nimonia na bili ilipita elfu 60, wakalipa yote, sikutoa hata shilingi, na manesi walikuwa wazuri sana. Bila kava ningeuza kitanda. Kwa hivyo siwezi kusema ni wezi. Lakini kwani ugumu gani kuandika kwenye faili kwamba mama huyu kidole hakisomi, mpeni njia nyingine? Ajenti nilimwambia siku ile ya kwanza kabisa kilipokataa, akacheka, akasema kitasoma tu. Na yule dada hakuwahi kuniomba radhi, hata kunitazama usoni hakunitazama.

Hapana, msichukue. Au mkichukua, jaribuni vidole vyote kumi kabla hamjatoa pesa.

Juzi wamenitumia meseji kava inaisha mwezi ujao. Kwenye kopo nina elfu 19. Mchana nasema silipi, halafu usiku mtoto akikohoa naamka, nawasha taa ya simu, nazihesabu tena.