TAHADHARI: anayeuza grinhausi ndogo za nyumba ya midoli "ako Nakuru", msitume pesa!!

Wazazi wenzangu na nyinyi wote mnapenda kutengeneza vitu vidogo vidogo, someni hii kwanza. Mimi niko Kisumu, huku Mamboleo, na nimeliwa 4,450 na mtu anajiita fundi wa Nakuru. Najua wengine watacheka, pesa yote hio kwa kitu ya kuchezea, sawa chekeni, lakini mkimaliza msome.

Binti yangu ako na nyumba ya midoli, ile babake alimtengenezea na plaiwudi zilizobaki kwa kabati, na likizo ikifika tukaamua kuongeza bustani mbele. Tukapanda sukuma ya karatasi ya krepe, nyanya za shanga, mpaka kuna kakopo ka kumwagilia maji, yote skeli ya 1:12, yaani inchi moja kwetu ni futi moja kwa nyumba ya kweli. Ikabaki grinhausi, kale kanyumba ka kukuzia mimea. Na hakutaka ya nailoni kama zile anaonanga tukipita Naivasha, alitaka ya kioo, na paa ya kufunguka.

Sasa hapo ndio nikaona posti. Picha safi sana, grinhausi nyeupe, rafu ndani, vyungu vimepangwa, ameandika kioo halisi 2mm, skeli 1:12, inchi 8 kwa 6, sh 3,800, mafundi wako Nakuru mzigo unatumwa na matatu siku hio hio. Nikauliza maswali mawili matatu akanijibu haraka na heshima, "karibu madam", "usijali madam". Akanipa namba ya simu ya kawaida, si tili wala peibili, zile namba za M-Pesa za biashara, eti tili iko na shida wiki hii. Kuweka namba, M-Pesa ikanionyesha jina la mwanamke na huyu nilikuwa naongea na yeye alijiita mwanaume. Nikauliza, akasema ni bibi yake ndio anashika pesa. Nikatuma. Ndio, nilituma, msiniulize.

Baada ya saa moja hivi akarudi, eti kioo inahitaji boksi ya mbao isivunjike njiani, ongeza 650. Nikaongeza.

Mzigo ulifika kesho yake jioni, nikaenda kuchukua steji na mtoto, maana alikataa kubaki. Boksi ya mbao haikuwa, ilikuwa katoni ya biskuti imefungwa na selotepu. Tukafungulia nyumbani mezani. Sakafu iko sawa, 20 kwa 15 sentimita, hapo hakudanganya. Lakini kioo hakuna hata kipande. Ni ile plastiki ya kifuniko cha boksi ya keki, na najua kwa sababu kwa kona ya paa bado iko na kale kapembetatu ka mishale na namba 1 ndani, ile alama ya plastiki. Fremu ni vijiti vya aiskrimu. Halafu binti yangu akachukua mdoli wake wa mama, ako na sentimita 14, akamsimamisha mlangoni, mlango ukamfika kitovuni. Nikatoa rula, 8.5. Mlango wa kweli wa mita mbili kwa 1:12 unafaa kukaribia 17, kwa hivyo huyu jamaa alikata mlango wa 1:24, yaani nusu ya ukubwa, akaubandika kwa nyumba ya 1:12, na hata kachungu ketu kakubwa hakapiti hapo. Mtoto akaniambia, "Mami, ataingia akitambaa?"

Na plastiki yote imefanya ukungu mweupe kwenye viungo. Nilipompigia akasema ati hio ni mvuke, "grinhausi si lazima iwe na mvuke madam". Nikafuta na kitambaa, haitoki. Wenye hufanya hii kazi mnajua, hio ni supaglu. Ule moshi wake ukinaswa mahali hakuna hewa unashika kwa plastiki angavu na kubaki weupe kama pumzi kwa dirisha, ndio maana kwa madirisha watu hutumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa angavu. Mtu anajiita fundi na hajui hio?

Kusema ukweli hata ile 2mm ingenishtua mapema. Zidisha mara 12 ni 24mm, hio ni kioo ya benki, si ya nyanya.

Nikadai pesa yangu. Akakubali haraka mpaka nikashangaa. Kidogo meseji ikaingia, imeandikwa kama ya M-Pesa kabisa, nimepokea 6,450, halafu yeye huyo anapiga akihema, "madam nimekosea nimezidisha elfu mbili, tafadhali nirudishie, ni ya hospitali ya mtoto". Kidole kilikuwa tayari kwa simu, walahi. Mzee wangu akaniambia angalia salio kwanza. Salio ni ile ile ya asubuhi. Kuangalia vizuri, meseji imetoka kwa namba ya simu ya mtu, haijaingia pale zingine za MPESA hukaa. Nilipomwambia nimeona, akakata, akaniblok.

Kuna mtu ameniambia ningeforwadi ile meseji ya kutuma kwa 456, namba ya M-Pesa ya kuomba pesa irudi, nirudishiwe. Hio inasaidia ukikosea namba na pesa bado iko kwa mwenye kupokea, mimi sikukosea namba, nilituma kwa mkono wangu. Nimepiga ripoti polisi nikapewa namba ya OB, kile kitabu chao cha ripoti, na skrinshoti zote nimeweka.

Kitu ningefanya tofauti ni kimoja tu, kuomba picha mpya na shilingi tano imewekwa kando ya mlango. Ile picha yake haina mkono, haina kiberiti, hakuna kitu ya kukuonyesha ukubwa, na sasa naamini hata si kazi yake, ameitoa mahali. Mtu ako na kitu mkononi atakupigia hio picha kwa dakika moja.

Grinhausi tumeanza kujitengenezea wenyewe, na vijiti vya mishikaki na ile karatasi ngumu ya plastiki ya kubaindi vitabu, mlango 17, nimepima mara tatu.

Leo asubuhi nimeona ile picha tena, akaunti mpya, jina jipya, bei sasa ni 4,500 na anasema ako Eldoret. Mtaijua kwa chungu cha bluu kimepasuka mdomo, rafu ya chini upande wa kushoto. Mwenye anataka kuona kile nililetewa aniambie nitume picha, na shilingi tano nitaweka kando.