Maji ya mfereji au ya mvua kwa nyumba ya Fuoni?

Ukitaka kuyajua maji ya mfereji wa huku Unguja, chungulia ndani ya birika. Chini kumeganda ukoko mweupe, na vijipande vyake huelea kwenye chai. Sehemu kubwa ya kisiwa ni mawe ya matumbawe. Mvua ikipenya ardhini huyeyusha chokaa, nayo huja na maji ya kisima mpaka jikoni. Yakichemka, chokaa inajitenga na kuganda. Siki au ndimu huung'oa ukoko huo, lakini heta ya bafuni nani ataifungua kila mara?

Kwa kufua ndiyo balaa. Sabuni ya mche haitoi povu, inafanya utando wa kijivu unaong'ang'ania kwenye kanzu nyeupe, na nguo zikikauka zinakakamaa. Maharagwe nayo huchelewa kuiva.

Maji ya mvua hayana chokaa: povu tele kwa sabuni kidogo, birika safi. Ila bati lina vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo mvua ya mwanzo iache ipite, na tangi lifunikwe vizuri, la sivyo unafuga mbu. Ya kunywa chemsha. Masika hujaza tangi. Kiangazi ndiyo mtihani.

Chokaa ya kwenye maji haina madhara kwa mwili, kwa hiyo mimi ya mfereji nayaachia wali na kudekia. Ya mvua nayabania kwa kufua, kuoshea nywele na, nikisema kweli, chai.